Mgeni, mwenyeji na kiti cha uongozi: Ni sifa zipi zinamfanya mtu afae kuongoza nchi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila uchaguzi unapokaribia, iwe hapa kwetu au kwa jirani zetu, kuna maneno mawili ambayo hayakosekani vibarazani, sokoni, na hata nje ya msikiti baada ya swala. Neno la kwanza ni hili: "Huyu si wa kwetu, ametoka wapi?" Neno la pili ni hili: "Huyu ni mpya, hajawahi kuonja madaraka, basi tumpe yeye." La kwanza linamkataa mtu kwa sababu ni mgeni. La pili linamkubali mtu kwa sababu hiyo hiyo. Ukiyatazama vizuri utaona kwamba yote mawili yamekwepa swali moja: Je, mtu huyu anaifaa kazi tunayotaka kumpa?

Sisi tunaoishi Gisenyi hatuna ruhusa ya kulichukulia swali hili kama mchezo. Mji wetu umekaa ukingoni mwa ziwa Kivu, ukuta kwa ukuta na Goma. Tunayajua matunda ya neno "mgeni" kuliko watu wengi. Kwa hiyo tumeona ni vyema tulipitie suala hili kwa njia ya historia, kisha tutazame mafundisho ya dini yetu yanasema nini, ili vijana wetu waliofika miaka 18 wapige kura kwa akili na si kwa mkumbo.

1. Wageni ni wa aina mbili

Kwanza tutenganishe mambo. Wapo wanaoitwa wageni kwa sababu ya asili: kabila lake, alikozaliwa baba yake, lugha anayoongea. Na wapo walio wageni wa siasa: ni wananchi bila shaka yoyote, lakini hawana chama, hawajawahi kuwa wabunge wala mawaziri, wametoka katika uandishi, biashara, muziki au mpira, wanataka kuongoza.

Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, na wenye kuyachanganya wakati mwingine wanafanya makusudi. Mwanasiasa anayeogopa mpinzani wa aina ya pili humpaka rangi ya aina ya kwanza. Hana jibu kwa hoja zake, basi anauliza kuhusu babu yake.

2. Sisi wenyewe tuliitwa wageni

Historia ya Waislamu wa Rwanda inatupa somo la kwanza. Uislamu uliingia nchini mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na wafanyabiashara na askari waliokuja na Wajerumani kutoka pwani, watu waliozungumza Kiswahili. Msikiti wa mwanzo Kigali, pale Nyamirambo, ulijengwa mwaka 1913. Kwa sababu hiyo Mwislamu hakuitwa Mwislamu tu, aliitwa "Mswahili", hata kama mama yake, baba yake na babu zake wote ni Wanyarwanda wa milimani.

Chini ya utawala wa Wabelgiji Waislamu waliwekwa katika mitaa yao ya pekee, kama Biryogo kule Kigali. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu alikuwa na chaguo gumu: mtoto asome na aache dini, au ashike dini na akose shule. Matokeo yake Mwislamu akawa dereva, fundi, mchuuzi, mshona nguo. Kazi za ofisi hazikuwa zake. Wala tusiseme kwamba kulikuwa na sheria iliyoandika Mwislamu hafai kuongoza. Haikuhitajika. Ukimnyima mtu shule kwa miaka 50, halafu ukasema uongozi ni wa waliosoma, umeshamtoa bila ya kutaja jina lake.

Mambo yalibadilika taratibu. Jumuiya ya Waislamu, AMUR, ilianzishwa mwaka 1964. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, ambapo Waislamu wengi walijulikana kwa kuwaficha waliokuwa wanasakwa, watu walianza kututazama kwa jicho jingine. Mwaka 1991 Waislamu walikuwa wameanzisha chama chao cha kisiasa, PDI, chenye neno "Kiislamu" ndani ya jina. Katiba ya mwaka 2003 ilipokataza vyama vya kidini, chama hicho kilibadilisha neno hilo, kikabaki na herufi zile zile na kufunguliwa kwa raia wote. Kiongozi wake, Sheikh Musa Fazil Harerimana, akawa waziri wa usalama wa ndani kuanzia mwaka 2006 hadi 2016. Na Kiswahili, ile lugha ya "wageni", Bunge liliipitisha kuwa lugha rasmi ya nchi mwezi wa Februari 2017.

Tazameni basi. Watu wale wale, msikiti ule ule, lugha ile ile. Jana ilikuwa dalili ya ugeni, leo ni mali ya taifa. Kilichobadilika si damu yetu. Ni macho ya waliokuwa wanatutazama.

3. Neno "mgeni" linapogeuka kuwa silaha

Mnamo tarehe 22 Novemba 1992, pale Kabaya, sehemu iliyokuwa ndani ya mkoa wa zamani wa Gisenyi, alisimama Léon Mugesera mbele ya mkutano wa chama tawala cha wakati ule. Ujumbe wake ulikuwa kwamba Watutsi ni wageni waliotoka Ethiopia, na kwamba warudishwe huko kwa njia ya mto Nyabarongo. Kila aliyemsikia alielewa kuwa mto haumrudishi mtu akiwa hai. Mugesera alihamia Canada, akarejeshwa Rwanda mwaka 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Vijana wetu wazingatie jambo moja. Mugesera hakuwa mtu asiyesoma. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwenye shahada ya juu kabisa aliyoisomea ng'ambo. Tutalirudia jambo hili tutakapozungumzia elimu.

Upande wa pili wa mpaka, neno hilo limefanya kazi kwa kutumia karatasi za sheria. Mwaka 1972 Zaire iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya mwaka 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikawanyang'anya. Watu waliolala raia wakaamka wageni. Mwaka 1993 damu ikamwagika Walikale na Masisi, na mwaka 1996 tukawapokea hapa Gisenyi wakimbizi kutoka Masisi. Sheria ya Novemba 2004 iliwarudishia uraia watu wa makabila yaliyokuwa katika ardhi ya Congo wakati wa uhuru, lakini chuki haikufutika kwa kalamu, kama tunavyoona hadi leo.

Likaja suala la urais wenyewe. Katika uchaguzi wa mwaka 2006, wapinzani wa Joseph Kabila walinong'ona kwamba si Mcongo halisi, kwa kuwa alikulia Tanzania na Kiswahili chake kilikuwa chepesi kuliko Lingala. Mpinzani wake Jean-Pierre Bemba alijinadi kuwa ndiye Mcongo wa asilimia 100. Bemba mwenyewe ana babu Mreno upande wa baba yake. Kabila alishinda duru ya pili kwa takriban asilimia 58. Kisha mwaka 2021 ukaletwa bungeni muswada wa kutaka urais uwe wa mtu ambaye baba na mama wote ni Wacongo. Kila mtu alijua unamlenga Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Myahudi wa Kigiriki kutoka kisiwa cha Rhodes. Muswada haukupita, na uchaguzi wa Desemba 2023 ulipofanyika Katumbi alishika nafasi ya pili kwa kura kama asilimia 18. Noël Tshiani, mwenye wazo la muswada ule, aligombea pia na hakufikisha hata asilimia 1.

4. Upanga huu hukata mikono yote

Msidhani haya ni ya Congo peke yake. Zambia iliongozwa na Kenneth Kaunda kuanzia uhuru wa mwaka 1964 hadi aliposhindwa na Frederick Chiluba mwaka 1991. Kaunda alipotaka kurudi uwanjani, katiba ikabadilishwa mwaka 1996 kwamba mgombea urais lazima wazazi wake wote wawe Wazambia. Wazazi wa Kaunda walitoka nchi inayoitwa Malawi hivi sasa. Baba wa taifa akazuiwa kugombea, na mwaka 1999 mahakama ikatamka kwamba hana uraia kabisa, mpaka Mahakama ya Juu ilipomrudishia mwaka 2000. Ajabu ni kwamba Chiluba naye alifunguliwa kesi ikidaiwa wazazi wake walitoka Congo. Alichonga upanga, ukageuka ukamtafuta yeye.

Tanzania ilianza vizuri. Mwezi Oktoba 1961, kabla tu ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa weusi tu. Julius Nyerere alisimama bungeni akakataa kwa ukali, akasisitiza kuwa uraia hauwezi kupimwa kwa rangi ya ngozi, unapimwa kwa utii wa mtu kwa nchi. Hata hivyo mwaka 2001 serikali ya nchi hiyo hiyo ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge, si raia. Mtu amekaa bungeni akitunga sheria, kisha anaambiwa hakuwa mwananchi. Wengi waliuliza mbona hayo hayakugunduliwa alipokuwa hajaanza kuikosoa serikali.

Hatusemi kwamba nchi haina haki ya kuweka masharti. Ina haki, na karibu nchi zote zinayo. Katiba yetu inataka mgombea urais awe Mnyarwanda wa asili, asiwe na uraia mwingine, awe na umri usiopungua miaka 35, mwenendo mwema, asiwe amehukumiwa kifungo cha miezi 6 au zaidi, na awe anaishi nchini anapowasilisha ombi lake. Sharti lililoandikwa mapema, linalomhusu kila mtu, ni uzio wa shamba. Lakini sharti linalotungwa usiku wa kuamkia uchaguzi kwa ajili ya mtu mmoja ni mtego. Kijana ajifunze kutofautisha uzio na mtego.

5. Wasio na chama

Sasa tuje kwa wageni wa aina ya pili. Tanzania hadi leo humlazimisha mgombea urais awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga hilo mahakamani tangu mwaka 1993. Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 1994, Bunge likabadilisha katiba kumzuia. Akarudi, akashinda tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, nayo mwezi Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia kwa kuwalazimisha kupitia vyama. Mtikila alifariki mwaka 2015 kabla ya kuona mabadiliko. Tunaweza kutofautiana na mchungaji huyo katika mengi aliyoyasema maishani mwake, lakini alikuwa na subira ya miaka 20 katika swali moja la haki.

Hapa Rwanda mgombea binafsi anaruhusiwa, kwa sharti la kukusanya saini 600 za wapiga kura, zisizopungua 12 katika kila wilaya, nazo wilaya ni 30. Mwaka 2017 walijitokeza wagombea binafsi kadhaa, na aliyepitishwa na Tume ya Uchaguzi ni Philippe Mpayimana peke yake, mwandishi wa habari na mtunzi wa vitabu aliyekuwa ameishi Ulaya. Alipata chini ya asilimia 1. Mwaka 2024 akagombea tena, akapata takriban asilimia 0.3, na Rais Paul Kagame akapata zaidi ya asilimia 99.

Mtu anaweza kucheka namba hizo. Sisi hatucheki. Kukusanya saini 12 katika kila wilaya kunamlazimisha mtu avuke milima yote, aongee na watu asiowajua, wa kila sehemu. Sharti hilo lina hekima ndani yake, kwamba anayetaka kuongoza nchi nzima asitegemee kijiji cha kwao tu. Lakini pia lina ugumu wake, kwa kuwa mwenye chama ana watu kila wilaya, na asiye na chama anaanza na miguu yake miwili.

6. Je, umaarufu unatosha?

Tuwe waadilifu kwa pande zote. Kama ugeni haumharibu mtu, basi pia haumtengenezi. Tuchukue mfano wa Liberia. Mwaka 2005, baada ya vita vya miaka mingi, aligombea George Weah, mchezaji mpira pekee wa Afrika aliyewahi kupata tuzo ya Ballon d'Or, mwaka 1995. Watu maskini walimpenda, naye aliongoza duru ya kwanza. Wapinzani wake walisema hakusoma. Wafuasi wake wakajibu kwamba waliosoma ndio walioibomoa Liberia. Duru ya pili akashinda Ellen Johnson Sirleaf, mchumi aliyesoma Harvard na kufanya kazi katika benki na Umoja wa Mataifa, akawa mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa kuwa rais.

Weah alikwenda kusoma akapata shahada, akawa seneta mwaka 2014, na mwaka 2017 akachaguliwa kuwa rais kwa zaidi ya asilimia 61. Je, usafi wake wa kutokuwa mwanasiasa wa zamani ulitosha? Mwaka 2022 Marekani iliwawekea vikwazo maofisa watatu wa serikali yake kwa tuhuma za rushwa. Mwaka 2023 wananchi wakamwondoa, kwa tofauti ndogo sana, akachaguliwa Joseph Boakai, mkongwe wa siasa. Lakini hapo hapo Weah alifanya jambo ambalo wanasiasa wakongwe wengi wameshindwa: alikubali kushindwa kabla hata matokeo rasmi hayajakamilika, akampigia simu mshindi, na nchi ikalala salama.

Mtu huyu mmoja anatufundisha mambo mawili. Kuwa mpya hakumzuii rafiki yako asiibe. Na kutokuwa mwanasiasa hakukuzuii kuwa na adabu ya uongozi.

7. Wakati Rwanda ilipowachagua wasio mahakimu

Tuna mfano mkubwa zaidi hapa nyumbani, na tunashangaa haufundishwi sana kwa jicho hili. Mwezi Oktoba 2001 Wanyarwanda walichagua waamuzi wa gacaca, zaidi ya watu 250,000 nchi nzima. Hawakuwa mahakimu. Walikuwa wakulima, walimu, wafanyabiashara wadogo, akina mama wa nyumbani. Sifa waliyotakiwa kuwa nayo ilikuwa ndani ya jina lao: inyangamugayo, wanaochukia aibu, yaani watu waadilifu. Jina la mtu lilitajwa mbele ya majirani, na majirani waliulizwa kama kuna anayejua doa lake.

Kazi waliyoifanya hadi gacaca zilipofungwa mwezi Juni 2012 ilikuwa kubwa mno, kesi karibu milioni 2, na mahakama za kawaida zisingeimaliza kwa umri wa mtu. Lakini tusiufunike upande wa pili. Mafunzo yao yalikuwa ya siku chache. Maelfu walilazimika kuondolewa baada ya wao wenyewe kutajwa katika makosa yale yale waliyokuja kuyahukumu. Na wapo waliolalamikia hukumu zilizotolewa bila ujuzi wa sheria.

Somo ni gani? Uadilifu ulikuwa mlango wa kwanza, na bila huo kazi isingeanza. Lakini palipokosekana ujuzi, uadilifu ulielemewa. Na pale majirani walipoogopa kusema walichokijua, aliyeingia hakuwa mwadilifu hata kidogo. Kura inategemea pia ukweli wa mpiga kura.

8. Mizani ya dini yetu

Hapa sasa tuisikilize Qur-aan. Katika Suratul Baqara tunasimuliwa kwamba wana wa Israili walitaka wawekewe mfalme. Walipoambiwa ni Taaluti, walipinga: hakuwa wa nyumba ya ufalme, wala hakuwa na mali. Jibu walilopewa halikutaja ukoo wala mali. Lilitaja wasaa wa elimu na nguvu za mwili, yaani uwezo wa kazi iliyokuwa mbele yao, nayo ilikuwa vita.

Katika Suratu Yusuf tunamwona kijana mgeni kabisa, aliyeuzwa kama mtumwa, ametoka jela, anapewa hazina za Misri. Yeye mwenyewe alitaja sababu mbili: ni mwenye kuhifadhi, na ni mjuzi. Na katika Suratul Qasas, binti anapomshauri baba yake amwajiri Musa, naye mgeni aliyekimbia kwao, anataja sifa mbili pia: nguvu na uaminifu. Wanachuoni, akiwemo Ibn Taymiyya, wamezijenga kanuni za uongozi juu ya nguzo hizi mbili, uwezo na amana, wakasema uwezo hupimwa kwa kila kazi na mahitaji yake.

Nguzo moja haitoshi. Abu Dharr (R.A.) alikuwa mkweli miongoni mwa wakweli, lakini alipoomba uongozi Mtume (S.A.W.) alimweleza kwa upole kwamba yeye ni dhaifu kwa kazi hiyo na kwamba uongozi ni amana nzito. Upande mwingine, Mugesera wa Kabaya alikuwa na elimu, akaigeuza kuwa mauti. Wala umaarufu si nguzo. Khalid bin Walid (R.A.) hakuwa na mfano vitani, na Umar (R.A.) alimwondoa katika uamiri, watu wasije wakadhani ushindi unatoka kwa Khalid na si kwa Allah.

Na asili? Mtume (S.A.W.) alimpa Usama bin Zayd uamiri wa jeshi akiwa kijana wa miaka kama 18, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Watu waliposema sema, Mtume aliwakumbusha kwamba hata baba yake walimsema hivyo hivyo, naye alistahiki. Salman, Mfursi, akawa gavana wa Madain zama za Umar.

Mwanafunzi mmoja darasani alituuliza swali zuri: "Mwalimu, mbona siku ya Saqifa ilitolewa hoja ya Maquraishi? Hiyo si nasaba?" Ni kweli hoja ilitolewa. Lakini tukumbuke pia kwamba Abu Bakr (R.A.) alikuwa mhamiaji pale Madina, na Ansari, wenyeji wa mji, ndio waliompa mkono wa bai'a mgeni wao. Na Ibn Khaldun, katika karne ya 14, aliieleza hoja ile kwamba haikuwa kwa ajili ya baraka ya damu. Ilikuwa kwa sababu Maquraishi wakati ule ndio waliokuwa na mshikamano wa kuweza kuwaunganisha Waarabu wote wasigawanyike. Kwa maneno mengine, alichokitafuta ni uwezo wa kuunganisha. Basi sisi nasi tuulize kuhusu mgombea: Je, anaweza kuwaunganisha watu wa nchi hii, au anakula kwa kuwagawa?

9. Maswali ya kuulizana nyumbani

Wazazi wenzetu, msiwaambie watoto wenu wampigie kura nani. Wafundisheni kuuliza. Tunapendekeza familia iketi baada ya chakula cha usiku na kuuliza haya:

Kwanza, mtu huyu amewahi kusimamia nini, hata kama ni ushirika wa wavuvi au kamati ya shule, na alikiacha katika hali gani?

Pili, fedha za watu zilipopita mikononi mwake, hesabu zilionekana?

Tatu, anajua nini kuhusu kazi anayoiomba? Akiulizwa kuhusu bei ya mbegu, maji na hospitali, anajibu au anaimba?

Nne, wenzake ni akina nani? Rais hatawali peke yake, na mgeni asiye na watu wa kumsaidia ataokota wale wale wa zamani.

Tano, anasema nini kuhusu watu wasiofanana naye? Anayesema leo kwamba fulani si wa kwetu, kesho atahitaji fulani mwingine.

Sita, atakubali kuondoka?

Mgombea akiyajibu vizuri, awe mkongwe au mpya, awe jina lake limezoeleka au halijazoeleka, anastahili kupimwa. Asipoyajibu, kuwa wa kwetu hakumsaidii, wala upya wake haumsaidii.

Kura ni ushahidi, na ushahidi utaulizwa. Kijiji kinapochagua kiongozi wake, watu husimama mstari nyuma ya mtu wanayemtaka, mchana kweupe. Mpigie kura katika chumba cha siri kana kwamba umesimama nyuma yake mbele ya majirani zako wote, pamoja na wale walioitwa wageni.

Tunamuomba Allah aujaalie mji wetu na miji ya jirani zetu amani, awape viongozi wetu uwezo na amana, na awape vijana wetu busara ya kuwatambua. Amin.

Wabillahi tawfiq.